Ncha Mbili za Uzi Mmoja: Kwa Nini Transiva za Kasi Tofauti Hazielewani

Kandokando ya barabara kuu za nchi yetu, na mahali pengine juu ya minara ya umeme wa msongo mkubwa, zimepitishwa nyuzi za kioo zilizo nyembamba kama unywele. Nyuzi hizo ndizo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ulianza kujengwa mwaka 2009. Katika Mkoa wa Tanga mkongo huo unafika hadi Horohoro, na hapo unakutana na nyuzi za jirani zetu wa Kenya. Mwaka huohuo wa 2009 kebo ya SEACOM, iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ilifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ikafuatiwa na kebo ya EASSy. Yafaa ikumbukwe pia kwamba ni mwaka 2009 ambapo Charles Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1966, alipoonyesha kwamba kioo kikitakaswa vya kutosha kinaweza kupitisha nuru kwa masafa marefu. Kutoka wazo hadi pwani yetu imechukua miaka 43.

Walakini uzi wa kioo peke yake ni bubu. Hauzalishi nuru wala hauisomi. Kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo kinachochomekwa kila mwisho wa uzi, nacho mafundi hukiita transiva. Ndani yake mna leza ndogo ya kupeleka nuru, na diodi ya kuipokea nuru na kuigeuza kuwa umeme. Transiva ya kawaida haizidi sana ukubwa wa kidole cha mtu mzima. Huchomekwa katika tundu la swichi, yaani sanduku la elektroniki linalopokea habari kutoka mashine nyingi na kuzigawa ziendako. Makala haya yanahusu jambo moja tu juu ya vifaa hivyo, jambo ambalo limewasumbua mafundi wengi na kupoteza fedha za ofisi nyingi: je, transiva za kasi mbili tofauti zinaweza kuzungumza katika uzi mmoja?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kituo cha mawasiliano mjini Tanga kimeunganishwa na kituo kingine Muheza kwa uzi wa kioo wenye urefu wa kilomita 40. Kituo cha Muheza kinahudumia hospitali moja na shule tatu za sekondari. Kila upande una transiva ya kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, na mambo yanakwenda vizuri. Siku moja mkuu wa kituo cha Tanga, kwa nia njema kabisa, ananunua transiva mpya ya gigabiti 10. Anafikiri kwamba nusu ya maendeleo ni bora kuliko kukosa yote: upande wa Tanga uwe wa kisasa sasa, na wa Muheza ungoje bajeti ya mwaka ujao. Transiva mpya inaingia katika tundu bila shida, kwa maana umbo lake ni lile lile la ile ya zamani. Fundi anarudishia uzi. Taa ya kijani haiwaki. Picha za eksirei zilizokuwa zikitumwa kwa daktari bingwa zimekwama, na walimu wa Muheza hawawezi tena kusajili watahiniwa wao.

Fundi anachukua kipima nuru na kukiweka kwenye ncha ya Muheza. Nuru inafika, tena ya kutosha. Uzi haukukatika. Leza haikuharibika. Kila kitu ni kizima, lakini hakuna mawasiliano.

Ili kuelewa sababu, inafaa tuitazame nuru yenyewe ilivyo ndani ya kioo. Habari hupelekwa kama biti, yaani moja na sifuri. Katika nyuzi za aina hii moja ni nuru kali na sifuri ni nuru hafifu. Nuru husafiri ndani ya kioo kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, ambao ni theluthi mbili za mwendo wake katika ombwe. Mwendo huo haubadiliki kwa kuwa transiva ni ya gigabiti 1 au 10. Hili ni kosa la kawaida miongoni mwa wanafunzi, na walimu watafanya vyema kulisahihisha mapema. Transiva ya gigabiti 10 haiifikishi nuru Muheza mapema zaidi. Safari ya kilomita 40 huchukua sehemu 2 kati ya 10,000 za sekunde kwa vyote viwili. Kinachobadilika ni urefu wa kila alama.

Katika mfumo wa gigabiti 1, kila kundi la biti 8 hugeuzwa kuwa alama 10 kabla ya kupelekwa, ili nuru isikae muda mrefu bila kubadilika. Kwa hiyo leza hutoa alama bilioni 1.25 kila sekunde. Kila alama hudumu nanosekunde 0.8, na katika muda huo nuru huenda sentimita 16. Kama tungeweza kuusimamisha wakati na kuutazama uzi kati ya Tanga na Muheza, tungeona vipande vya nuru kali na hafifu, kila kimoja cha sentimita 16, vikiwa vimepangana kama mabehewa. Navyo vingekuwa 250,000. Katika mfumo wa gigabiti 10, usimbaji ni tofauti. Kila biti 64 huongezewa biti 2 tu, na jumla yake ni alama bilioni 10.3125 kwa sekunde. Hapa kila kipande kina urefu usiofika sentimita 2.

Sasa tumtazame mpokeaji. Hana saa inayokuja pamoja na nuru. Lazima aitambue saa ya mpelekaji kutokana na mabadiliko ya nuru yenyewe. Ndani ya swichi mna sakiti inayopiga mapigo karibu sawa na yale yanayotarajiwa, kisha hujirekebisha kidogo kidogo hadi mapigo yake yaendane na alama zinazoingia. Neno la kuzingatia ni "kidogo". Kanuni za kimataifa zinaruhusu tofauti ya sehemu 100 tu kati ya milioni moja kila upande. Saa ya mkononi yenye kosa la kiasi hicho ingekosea kwa sekunde zisizozidi 9 kwa siku. Sakiti ya namna hiyo inapoletewa alama zinazokwenda mara 8.25 ya mapigo yake, haioni habari inayokwenda haraka, inaona fujo. Katika kila pigo moja alama nane na zaidi zimekwisha kupita. Hata kama kwa muujiza ingeweza kuzihesabu, bado ingezifasiri kwa ule usimbaji wa 8 kwa 10, ilhali mwenzake ameandika kwa ule wa 64 kwa 66.

Hapa msomaji mwangalifu atauliza swali la haki. Kompyuta za shule zilizounganishwa kwa waya wa shaba mbona huelewana? Mashine ya megabiti 100 ikichomekwa katika swichi ya megabiti 1,000, taa huwaka na kazi huendelea. Naam, na sababu yake ni adabu. Vifaa vya waya wa shaba hupiga hodi kabla ya kuanza kazi. Kila upande hutuma mafungu ya mapigo mafupi ya umeme, fungu moja takriban kila milisekunde 16, na katika mafungu hayo hujieleza: mimi naweza kasi hii na hii. Mapigo hayo ni ya polepole mno hata kifaa dhaifu kuliko vyote kinaweza kuyasikia. Baada ya kujuliana hali, pande zote mbili huchagua kasi ya juu kabisa wanayoiweza wote.

Katika uzi wa kioo desturi hiyo haipo kwa upande wa kasi. Kanuni ya gigabiti 1 kwa nyuzi za kioo, iliyopitishwa mwaka 1998, ina mazungumzo ya mwanzo, lakini hodi hiyo hupigwa kwa kasi ileile ya kazi. Asiyeiweza kasi hiyo hawezi hata kusikia kwamba mlango unabishwa. Kanuni ya gigabiti 10 ya mwaka 2002 iliiacha hodi kabisa kwa nyuzi za masafa marefu: kila upande huwasha leza na kuanza kupeleka, ukiamini kwamba mwenzake ni wa aina yake. Waliotunga kanuni hizo hawakukosea. Transiva ya nuru hutengenezwa kwa kasi maalumu, na aghalabu anayeinunua anajua ni nani aliye upande wa pili wa uzi wake. Shida huanza pale ambapo ncha mbili za uzi mmoja ziko chini ya wakuu wawili, kila mmoja na bajeti yake.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanunuzi, nalo ni lile la umbo. Transiva za gigabiti 1, 10 na hata 25 zimetengenezwa kwa vipimo vya nje vilivyo sawa, ili swichi moja iweze kutumia aina mbalimbali. Kuingia katika tundu, basi, si dalili ya kufaa. Tundu la gigabiti 10 aghalabu hukubali transiva ya gigabiti 1, kwa sababu sakiti zake zinaweza kupunguzwa kasi; mara nyingine fundi hulazimika kuiamuru swichi kwa mkono. Tundu la gigabiti 1 haliwezi kuiendesha transiva ya gigabiti 10 kwa kasi yake. Ziko pia transiva chache zilizotengenezwa kwa kasi zote mbili, nazo huandikwa hivyo waziwazi. Katika kasi ya gigabiti 25 kumeongezeka sharti jingine: pande zote mbili zikubaliane kama zitatumia hesabu za kusahihisha makosa au la, la sivyo taa haiwaki hata kama kasi ni moja.

Kila transiva ina kumbukumbu ndogo inayoieleza swichi jina la mtengenezaji, kasi, rangi ya nuru na masafa. Swichi huisoma kumbukumbu hiyo mara tu transiva inapochomekwa. Baadhi ya watengenezaji huziamuru swichi zao zikatae transiva ya kampuni nyingine, hata ikiwa imetimiza kanuni zote. Kizuizi hicho ni cha kibiashara, wala hakina msingi wowote katika fizikia. Anayeandaa zabuni ya umma afadhali aulize habari zake kabla ya kutia sahihi.

Tumetaja rangi ya nuru, na yafaa tuseme neno kidogo juu yake. Nuru inayotumika haionekani kwa macho. Ni ya infraredi. Kwa masafa mafupi, kama ndani ya jengo, hutumika nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 850. Kwa masafa marefu hutumika 1310 au 1550. Diodi iliyotengenezwa kwa ajili ya nanomita 850 haifai kuisoma nuru ya 1550. Diodi za masafa marefu, kwa upande mwingine, huziona zote mbili, 1310 na 1550, na ndiyo maana mara nyingine transiva mbili za rangi tofauti lakini za kasi moja huelewana bila mtu kutarajia. Kasi haina msamaha wa namna hiyo. Kwa kuwa nuru hii haionekani, kamwe mwanafunzi asichungulie ncha ya uzi ili kuona kama "inawaka". Jicho halitaona kitu, nayo leza inaweza kuliumiza.

Kuongeza kasi kuna gharama katika nuru pia. Alama ikiwa fupi zaidi, chembe za nuru zinazofika ndani yake ni chache zaidi, na mpokeaji anahitaji nuru kali zaidi ili asikosee. Kwa vifaa vya kawaida vya kilomita 10, mpokeaji wa gigabiti 10 huhitaji karibu mara tatu ya nuru inayomtosha yule wa gigabiti 1. Zaidi ya hayo, nuru ya leza si ya rangi moja kamili, na rangi zake haziendi sambamba ndani ya kioo. Alama iliyoondoka Tanga ikiwa na kingo kali hufika Muheza imetanuka. Madhara ya kutanuka huko huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikizidi mara 8.25, madhara huzidi karibu mara 68. Kwa hiyo mkuu wa kituo aliyekuwa na transiva za gigabiti 1 zinazofika kilomita 40 asidhani kwamba transiva yoyote ya gigabiti 10 itafika huko. Kwa kilomita 40 za uzi mzuri, katika nanomita 1550, nuru hupungua kwa desibeli 10 hivi, na viungo huongeza nyingine 2. Yaani hubaki sehemu moja tu kati ya 16. Transiva ya kilomita 80 huweza kustahimili upungufu huo bila taabu. Lakini fundi akiijaribu mezani kwa uzi wa mita 5, nuru yote humwangukia mpokeaji, naye anaweza kuungua. Transiva nyingi nzuri zimekufa mezani kwa njia hii, kabla ya kuonja kazi.

Basi Tanga na Muheza zifanyeje? Njia ya haraka ni kurudisha transiva ya gigabiti 1 upande wa Tanga, hata ikiwa katika tundu la gigabiti 10, na kuhakikisha swichi imepangwa kwa kasi hiyo. Kituo cha Tanga kinaweza kuendelea kutumia gigabiti 10 kwa nyuzi zake nyingine, za Dar es Salaam au Horohoro, ambako mwenzake ameafiki. Kasi mbili zikikutana ndani ya swichi hakuna ubaya, maana kazi hasa ya swichi ni hiyo.

Watu wa Tanga wana mfano wa jambo hili bandarini mwao. Kwa miaka mingi kina cha maji kwenye gati la Tanga kilikuwa mita 3 tu, na meli kubwa hazikuweza kulikaribia. Zilitia nanga mbali, shehena ikashushwa katika matishari, na matishari yakaileta gatini kidogo kidogo. Meli haikulazimika kuwa ndogo, wala gati halikulazimika kuwa refu. Kati yao palikuwa na chombo kinachopokea kwa kipimo kimoja na kutoa kwa kingine. Gati lilipoongezwa kina hadi mita 13, meli zikaanza kufunga moja kwa moja. Swichi ni tishari. Hupokea fungu zima la habari kwa kasi moja, hulihifadhi katika kumbukumbu, kisha hulitoa upande wa pili kwa kasi nyingine. Makarani wa simu za maandishi wa Zanzibar, walipounganishwa na Aden kwa kebo ya baharini mwaka 1879, walifanya vivyo hivyo kwa mikono yao: ujumbe ulisomwa, ukaandikwa, ukapelekwa mbele kwa waya mwingine.

Mwalimu anaweza kuonyesha haya yote darasani kwa tochi mbili, uzi wa kawaida na mawe manne. Atengeneze pendulamu mbili za sentimita 25, ambazo kila moja hukamilisha mzunguko kwa sekunde 1, na mbili za mita 1, ambazo hukamilisha kwa sekunde 2. Alama 5 za tochi, za kuwaka au kuzimwa, zatoa michanganyiko 32, ambayo inatosha herufi zote za Kiswahili. Mwanafunzi wa kwanza, akifuata pendulamu fupi, apeleke neno TANGA. Hizo ni alama 25. Mwanafunzi wa pili aandike anachokiona kila mzunguko wa pendulamu ndefu. Atapata alama 12 au 13, na herufi zake hazitakuwa na maana yoyote, ingawa tochi aliiona vizuri muda wote. Kisha akae mwanafunzi wa tatu katikati, mwenye tochi ya pili, pendulamu fupi upande mmoja na ndefu upande mwingine, pamoja na karatasi. Aandike kwa haraka, apeleke polepole. Neno litafika zima.

Jaribio lisiishie hapo. Mwanafunzi wa kwanza na aendelee kupeleka bila kupumzika, na karatasi ya wa katikati iwe na nafasi ya herufi 10 tu, yaani alama 50, kila iliyokwisha kupelekwa ikifutwa. Kila sekunde anapokea alama 1 na kutoa nusu. Baada ya sekunde 100 karatasi itakuwa imejaa, na herufi inayofuata haina pa kuandikwa. Ama ataiacha ipotee, na mpelekaji airudie baadaye atakapokosa jibu, ama atainua mkono kumwashiria mpelekaji asimame kwanza. Mitandao yetu hutumia njia zote mbili.